Mzee Nyamu Hatoki Nje

Embu, 12 Mei 2025

Kwa Munyi,

Salamu. Najua unasoma hii ukiwa umelala kwenye nyasi miguu juu, kwa hivyo kaa vizuri kwanza.

Mwalimu wa chama chetu cha mazingira amesema kila msichana aandikiane na watu wa kwao, wajiwekee lengo moja la familia muhula huu. La kwetu nimeshalichagua, sikungoja kura. Familia ya Nyamu itakaa nje pamoja kila siku, kwa muda wa saa moja au zaidi. Nje, si mlangoni. Baba, Mama na wewe. Mkitaka mtaambua maharagwe, mkitaka mtakunywa uji wa ucuru, mkitaka mtagombana. Lakini nje.

Unajua ni kwa sababu ya nani. Nilipofungua shule, Baba alisema atatoka kidonda kikikauka. Juzi nilimpigia Mama kwa simu ya ofisi, nikamuuliza Baba anaendeleaje. Akasema, "Yuko sawa," halafu akaniuliza kama bado nina sabuni. Mama akianza habari ya sabuni, kuna jambo. Daktari alisema nikiwa hapo hapo: kisukari kimechukua mguu mmoja, na asipotembea na kupata hewa kitarudia wa pili. Niambie ukweli, Munyi. Na usinichekeshe.

Mpe Abdiweli, yule rafiki wa Baba, jibu. Akipita huku na gari lake la mizigo ataliacha kwa askari wa geti.

Dadako,
Karimi, Kapteni wa Bweni


Laare, 17 Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Kapteni wa Bweni, Mkuu wa Malengo Yote, Karimi wa Nyamu,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa ndani ya kofia ya Abdiweli, ina joto la kichwa chake. Nimekaa vizuri. Sasa sikiliza.

Mimi na kukaa nje? Nikikaa nje zaidi ya hapa nitaota majani. Mbuzi wa hapa wananijua kwa jina. Uliza mtu yeyote sokoni Laare ni nani anayepanda mbaine, ile miti mizee ya miraa iliyopandwa na babu zetu, kama anapanda ngazi za benki. Watakuambia Munyi. Ndiyo, niliacha shule kidato cha pili, sikatai. Lakini hakuna shule iliyowahi kumfundisha mtu kusimama kwenye tawi jembamba kama mkono wa mtoto akichuma miraa huku anapiga mluzi. Hiyo kazi wewe hata ukipata A zote hutaifanya, kwa sababu wewe ni msichana, na msichana hapandi mti wa miraa. Mti unakauka. Samahani sana, hiyo sheria sikuiandika mimi.

Umesema nisikuchekeshe. Haya.

Kidonda kilikauka zamani. Mzee hatoki. Si nje tu, hata sebuleni hatoki. Yuko chumbani, ameupa ukuta uso. Magongo aliyopewa hospitali yamesimama nyuma ya mlango kama wageni ambao hawajakaribishwa. Mama anaingia na sahani, anatoka na sahani. Mimi namsikia akikohoa tu.

Na ujue alichagua vizuri. Boma hili lote lina chumba kimoja tu ambacho mimi siwezi kukanyaga, nacho ni hicho. Mwanamume aliyetahiriwa haingii pale wazazi wake wanapolala. Ni mugiro, ni kuialika laana kwa chai. Kwa hivyo mzee amejifungia kwa mlango ambao hauna hata kitasa, una pazia la maua.

Nilisimama sebuleni nikamwambia, "Mzee, daktari alisema utoke nje."

Akajibu, "Huyo daktari amepanda nini kwangu?"

Nikasema, "Basi hata mimi nasema utoke nje."

Hapo nikasikia kitanda kikilia, amegeukia ukuta tena. Nikajua nimefukuzwa.

Hilo lengo lako zuri sana. Libandike mahali.

Ndugu yako, mfalme wa matawi,
Munyi


Embu, 24 Mei 2025

Munyi,

Nimelibandika. Liko ukutani bwenini, juu ya kitanda changu. Wenzangu kila wiki wanaandika chini ya karatasi zao yale ambayo familia zimefanya. Wambeti, wa kwao Siakago, wazazi wake wanatembea mpaka mtoni kila Jumapili wakiimba. Mimi karatasi yangu ni nyeupe. Sitaandika uongo, na sitaibandua.

Wewe unayejigamba kwamba huogopi nyuki wala polisi, unaogopa pazia la maua? Ingia umbebe mgongoni! Mugiro ukikupata nitakuja kukuzika mwenyewe. Na kama kuingia huwezi, basi mfanye atoke. Mzee hajawahi kuvumilia kazi mbaya ikifanywa karibu naye. Fikiria hapo, kama hicho kichwa bado kinafanya kazi.

Sikubali akae ndani humo mpaka wamkate na ule mwingine. Sikubali. Nimemaliza.

Karimi


Laare, 7 Juni 2025

Kwa Binti wa Karatasi Nyeupe,

Pazia siliogopi, naliheshimu. Hiyo tofauti labda mtafundishwa muhula ujao.

Umesema nifikirie, nikafikiria mpaka Mama akaniuliza kama ninaumwa.

Kwanza nilitoa redio nje. Unajua Mzee hawezi kupitwa na matangazo ya matanga, lazima ajue nani amekufa na anazikwa wapi. Nikaifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, nikaweka sauti ya kunong'ona. Nikasikia, "Mama Munyi! Mwambie huyo mtoto aongeze sauti!" Nikapunguza. Mara, Karimi, dirisha likafunguka! Lile lililoshikwa na kutu! Nikaanza kucheza ngoma ya ushindi. Mzee akatoa mkono, akanionyesha kwa kidole niongeze, kisha akaegemea hapo hapo dirishani akasikiliza wafu wote mpaka wa mwisho.

Pili, nikamleta Abdiweli. Hao wawili walianza urafiki kabla sisi hatujazaliwa, enzi Abdiweli anafungua duka kule Maua. Nikamwambia akatae katakata kuingia ndani. Akaweka kiti chake katikati ya uwanja na kupiga kelele kama mtu wa mnada: "Nyamu! Mimi ni mgeni wako, nimewekwa nje kama gunia, na chai yangu inapoa! Toka!"

"Kama inapoa si uinywe," Mzee akasema dirishani.

Wakaongea bei za soko la Makutano, wakacheka, kila mtu upande wake wa ukuta. Kesho yake wazee wengine wakasikia Nyamu anapokea watu. Sasa dirisha letu limekuwa ofisi ya chifu. Watu wanapanga foleni nje, mwenye ofisi yuko ndani. Kwa hesabu yangu nusu ya Laare inatimiza lengo lako, isipokuwa yeye.

Tatu, nikatumia shauri lako. Kazi mbaya. Nilichukua panga nikaenda kwa ule mbaine mkubwa wa babu, ulio mbele ya dirisha, ambao Mzee anaupenda kuliko sisi sote tukijumlishwa. Nikaanza kuupogoa vibaya. Vibaya kwa ustadi, Karimi, usidhani kila mtu anaweza. Nikaanza na tawi lililokauka, nalipiga kwa fujo kama vile naua mti.

"Hilo ni kavu," akasema bila hata kuangalia. "Acha kelele."

Nikahamia tawi bichi. Panga liligusa tu.

"Munyi! Huo mkono ukishuka tena hapo nitaukata!"

Nikasema, "Njoo uukate."

Akashika ukingo wa dirisha tu.

Nikasema tena, "Njoo, Mzee. Niko hapa. Mimi ni mkorofi, naharibu mti wa baba yako. Njoo unipige."

Akafunga dirisha.

Lile tawi nimeliacha, halina hata alama. Nikakusanya kuni nikaenda nazo jikoni huku napiga mluzi. Uliza mtu yeyote hapa kama sikupiga mluzi.

Munyi


Embu, 14 Juni 2025

Munyi,

Ulipiga mluzi. Sawa.

Nusu muhula nakuja nyumbani. Jumamosi asubuhi, kabla ya wazee kufika dirishani, iweke ile ngazi ya kuchumia kwenye mti wa babu, kisha uende zako. Nitavaa suruali ya michezo. Mama asijue.

Kama panga halikumtoa, kimebaki kitu kimoja ambacho hawezi kukiangalia akiwa ameegemea dirisha. Wewe mwenyewe ulinitajia katika barua yako ya kwanza, ulipokuwa unajisifu.

Karimi


Laare, 19 Juni 2025

Karimi,

Hapana.

Umesikia? Hapana yenye mizizi. Sikukutajia ili ufanye, nilikutajia ili nikuringie! Mkorofi wa familia hii ni mimi, na hiyo nafasi imejaa.

Hivi unajua unachosema? Nyanya hakupanda. Mama hata kivuli chake anakizunguka akienda kuteka maji. Mti ukikauka, wazee watakuja hapa wanataka mbuzi wa kusafisha, na watakaa, na watakula, na hawataenda. Vijana ninaochuma nao watasema dada ya Munyi alimfundisha kazi. Na Mzee je? Mtu mwenye sukari, umpandishe hasira namna hiyo? Akianguka pale pale kitandani, utakuwa umeshinda nini? Nijibu hilo, Kapteni.

Mimi nimempiga Mzee kwa maneno na akafunga dirisha. Wewe unataka kumpiga kwa mti wa baba yake. Kuna vitu hata mimi sifanyi, na mimi nimefanya vingi.

Ngazi nimeificha. Sikuambii wapi.

Munyi

Halafu, ukishikilia kupanda bila ngazi, anza na mguu wa kushoto, kwenye kile kifundo kinachofanana na goti. Matawi ya upande wa jikoni usiyaamini. Lakini usipande.


Embu, 1 Julai 2025

Munyi,

Nilifika salama. Viganja vimechubuka, nashika kalamu kama nashika yai. Ulisema ngazi umeificha. Mbona niliikuta imelala chini ya mti? Sitauliza.

Wazee wa dirishani waambie hivi: Karimi hajutii. Wanasema mti utakauka. Ukikauka niandikie.

Wewe ulikuwa umejificha migombani, kwa hivyo hukuona nilichoona kutoka juu. Niliona uso wake dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nikawa hata na majibu tayari. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, mdomo wazi. Kisha uso ukaondoka, na mimi huko juu sikujua kama amerudi kitandani au anakuja. Nilikumbatia tawi kwa nguvu mpaka majani yakaanguka.

Halafu akatokea mlangoni. Gongo moja, shati nje ndani, mguu ule mmoja hauna kiatu. Munyi, nilitaka kushuka nimkimbilie. Na alipoteleza kwenye matope karibu na pipa la maji, na wewe ukatoka mbio, na akakufokea usimguse, nilishika tawi kwa meno kama si kwa mikono. Akainuka peke yake.

"Shuka!" akasema. "Shuka kwa mti wa baba yangu!"

Nikamwambia, "Nitashuka ukiushika."

Akaja. Alikuja kama mtu anayevuka mto. Akaweka mkono kwenye shina, nikashuka.

Hayo yote ningeyarudia leo. Lakini baadaye? Siku nzima hakunisemesha. Jumapili nilipobeba begi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, na nikasema, "Baba, naenda." Akaangalia mti. Nikasema tena. Akaangalia mti.

Sasa sijui. Inawezekana nilimtoa nje asubuhi moja nikampoteza kwa siku zote zilizobaki. Karatasi bado ni nyeupe. Niambie jambo moja tu: nilipoondoka, alirudi ndani? Usijigambe, usizunguke. Jibu.

Karimi


Laare, Jumapili, 13 Julai 2025

Barua hii inasemwa na Mzee Nyamu na kuandikwa na Munyi, kwa sababu macho ya Mzee yamefifia na mwandiko wa Munyi ndio bora hapa Laare.

Kwa Karimi,

Mimi baba yako nasema hivi. Ulichofanya ni kibaya. (Ameniambia nipige mstari chini ya hilo neno. Nimepiga. Ameniambia nipige wa pili. Karatasi imetoboka.) Msichana hapandi mti wa miraa. Mama yangu hakupanda, nyanya yangu hakupanda, na walikuwa na miguu yenye nguvu kuliko yako. Wazee wamekuja kuniuliza nimelea mtoto wa aina gani. Nimewajibu nimelea kichwa ngumu. Wakaniangalia, wakaangaliana, wakaacha kuuliza.

Huyu ndugu yako amenisomea swali lako, kama nilirudi ndani. Hilo ni swali la mtu asiyefikiri. Nitarudije ndani? Msichana aliyepanda mara moja atapanda tena. Na hawa majirani nao wana wasichana, na wote walisikia. Mti wa baba yangu hauwezi kuachwa bila mlinzi. Kwa hivyo nimeweka kiti hapa chini yake, nalinda.

(Nikuambie sasa yale ambayo hasemi. Ile Jumapili hakukujibu kwa sababu alikuwa amekasirika, ndiyo, lakini pia ulipopita kwenye kona alisimama kwa gongo akanyoosha shingo mpaka gari la Abdiweli likapotea. Kisha akaniambia, "Nini wewe?" Nikasema hakuna. Kesho yake alitoka kabla Mama hajawasha moto. Sasa kila siku ni hivyo. Anashika magongo yote mawili mpaka mtini, anauzunguka akiukagua, anatafuta jani la manjano ili haki iwe yake. Hakuna jani la manjano. Imenyesha mvua ya manyunyu, na ule upande uliokanyaga ndio unatoa machipukizi mekundu kuliko pande zote. Amekasirika sana. Anauzunguka tena.)

Unaandika nini sana hapo? (Hiyo amenisemea mimi.) Nasema maneno machache, kalamu yako inaenda kama cherehani. (Nimemwambia ninarembesha heshima zake. Ameniambia niendelee.)

Mwambie hayo malengo yake ya familia sikuyakubali na siyakubali. Mimi sikai nje. Kukaa nje ni kwa watu wasio na la kufanya. Mimi niko kazini. Aandike hivyo kwenye karatasi yake, na kama mwalimu wake hajaelewa, aje hapa nimweleze.

(Baridi ya Julai unaijua, Karimi, ukungu umekaa mpaka saa sita mchana na ng'ombe wanatoa moshi puani. Yeye amejifunga lile blanketi zito la Mama, amebaki pua na masikio, na ukimwambia aingie anakuuliza nani amekutuma. Kliniki walitazama mguu uliobaki wakasema una joto zuri, aendelee hivyo hivyo. Amewaambia yeye haendelei na kitu chochote. Mimi naye tunagombana tangu asubuhi. Anasema nilivyoupogoa huu mti ni aibu ya ukoo, ananifundisha upya, anaelekeza kwa gongo. Wiki hii yote sijapiga mluzi. Sina nafasi.)

Jambo lingine. (Hapa amesogeza kiti. Nimengoja. Amesafisha koo, akaangalia juu.) Mwambie nilimwona akishuka. Alishuka vibaya. Alitanguliza mguu wa upande wa jikoni, na yale matawi ya upande huo ni ya uongo, yangemwangusha, na mimi nikiwa hapa chini na mguu mmoja ningemdaka vipi? Mtu asiyejua kushuka asipande. Akifunga shule asipitie kwa Mama, asipitie mahali popote. Aje moja kwa moja hapa mtini nimkemee uso kwa uso. Kukemea kwa barua hakushibishi.

Ni mimi baba yako,
Nyamu, mlinzi

(Amesema nimsomee yote. Nimemsomea, nimeruka ya kwangu. Amesema ni fupi kuliko alivyodhani.

Abdiweli amefika kuchukua barua. Amekaa. Mama ameita chakula kutoka jikoni, na Mzee amemjibu, "Leta hapa! Nikiondoka nani atalinda?" Mama amesema yeye hawezi kubeba sufuria nzima ya mukimo mpaka uwanjani kwenye ukungu kwa sababu ya mtu mmoja mkaidi, kwamba ameolewa, hakuajiriwa, na kwamba kama mtu anataka kula ana mlango. Anasema hayo yote akija, sufuria mikononi, stuli kwapani. Amesimama pale kivuli kinapoanzia, kama kawaida yake. Mzee amemtazama, amesogeza kiti chake pembeni, akampisha apite. Sasa Mama amekaa. Chini ya mti wenyewe.

Karatasi yako andika unachotaka. Lakini mimi nimeombwa niwe shahidi na ninasema: hapa hakuna mtu anayetimiza lengo lako. Sisi tunalinda mti.

Munyi)